Sala Niliyoikatiza

Kwetu milimani mtani haagizwi wala hazuiwi. Anapoingia msibani huja na ruhusa ambayo wazee wetu huihesabu kuwa ya zamani kuliko serikali na kuliko hata Kanisa: koo mbili zimepeana haki ya kutaniana, na haki hiyo haisimamishwi na kifo, hapo ndipo hasa inapokomaa. Mtani atavaa nguo za marehemu. Ataiga mwendo wake, kikohozi chake, na uchoyo wake kama alikuwa mchoyo. Wafiwa watacheka huku wakilia, na yeyote atakayekasirika atatozwa kuku. Nimeyajua haya tangu utotoni. Niliyajua pia asubuhi ile ambayo, mwili wa mama yangu ukiwa bado ndani, nilisimama mbele ya watu na kumnyamazisha mtani katikati ya sentensi.

Sentensi ile ilikuwa sala. Ilikuwa sala ya mama yangu mwenyewe, na ilinihusu mimi. Tangu siku hiyo ninaishi na nusu yake.

Ninafundisha maadili ya kazi katika chuo kimoja cha walimu mjini Morogoro, na nyumba yangu iko Mafiga. Nimesoma sana, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba kusoma habari za Mungu ni namna ya kukaa naye. Sikuwa mlevi. Sikumdanganya mke wangu. Sikula kisicho changu, na wanafunzi walionijia na bahasha walitoka na bahasha zao pamoja na maneno ambayo nadhani hawajayasahau. Mtu angeulizwa parokiani petu ni muumini gani hana doa, jina langu lingetajwa mapema. Lakini nilikuwa nimeacha kusali.

Sikumwacha Mungu kwa hasira, wala kwa hoja. Anayemwacha kwa hasira angalau anaijua siku waliyogombana. Mimi nilimwacha kama mtu wa kwetu anavyoliacha shamba la mbali, lile la ng'ambo ya mto, lenye matuta ya ngazi yaliyochimbwa na babu zake. Msimu mmoja halilimwi kwa sababu mvua zimekuja vibaya. Msimu unaofuata mgongo unauma. Baadaye njia yenyewe imeota nyasi, na mwenye shamba anaona aibu kuuliza ilipita wapi. Mipaka bado anaijua. Akichokozwa atakwenda hadi mahakamani kuitetea. Kulima tu ndiko hakuna.

Ndivyo nilivyokuwa: nilitetea mipaka. Katika jumuiya yetu, waumini wa mtaa mmoja wanaosali pamoja nyumba hadi nyumba, mimi ndiye niliyeuliza mbele ya watu kwa nini dada fulani alikuwa anasomewa Neno nyumbani kwake ilhali ndoa yake haikubarikiwa. Swali lilikuwa sahihi. Dada yule hakurudi tena jumuiyani, nami nilirudi nyumbani nikala chakula changu. Jumapili nilikaa benchi langu lilelile, upande wa kulia, karibu na dirisha. Wakati wa komunyo nilibaki nimekaa, kitabu cha nyimbo mikononi, watu wakiruka magoti yangu kwenda mbele. Sikupokea kwa sababu sikuwa nimeungama, na sikuungama kwa sababu sikuona la kusema kule. Mtu aende akamwambie padre nini? Kwamba hakutenda lolote?

Mama aliteremshwa kutoka kijijini, upande wa Mgeta, miguu yake ilipoanza kuvimba na mganga wa zahanati akasema moyo umechoka. Alikaa kwangu kuanzia kiangazi. Alilalamikia joto la Mafiga kama unavyomlalamikia mgeni asiyejua kuaga. Jioni, taa zilipowashwa, aliongoza rozari sebuleni. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Bukoba, alikaa naye, na binti yetu pia. Mimi nilichukua rundo la mitihani nikatoka barazani. Sikumkatalia kamwe. Ningemkatalia, angalau tungezungumza. Nilisema nina kazi, na kwa kuwa kazi ilikuwapo kweli, uongo wangu ulivaa nguo safi.

"Umemaliza kusahihisha?" aliniuliza nilipoingia kula.

"Bado, mama."

"Wanakosea sana hao wanafunzi wako?"

"Sana."

"Masikini. Na wewe huchoki kuwatazama?"

Baada ya rozari aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akasali peke yake kwa Kiluguru. Hizo ndizo alizoziita sala za watu: alimpitia kila mtu wake, mmoja baada ya mwingine, akituita kwa mahali tunapoishi. Dirisha la chumba lilitazama barazani. Ningeweza kusikia kila neno. Lakini nilikuwa na redio, na saa hiyo ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Katika nyumba ile, mbali na mama, ni mimi peke yangu niliyekijua Kiluguru, maana mke wangu hakukijua na watoto sikuwafundisha. Na ni mimi peke yangu niliyeongeza sauti ya redio.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, alinishika mkono.

"Mbona hukwenda kupokea?"

"Nimechelewa kuungama, mama."

"Kuchelewa gani huko? Padre si yule pale?"

"Nitakwenda."

Tulitembea kidogo. Nina mdogo wangu anayelima mpunga Turiani, mlevi mwenye huruma, ambaye ameacha pombe na kuirudia mara nyingi, na kila anaporudi kwa Mungu huja na kilio na mbuzi wa kushukuru. Nilikuwa nikimwonea haya. Mama akasema, kana kwamba ameyasikia mawazo yangu:

"Yule wa Turiani huanguka kila mwezi. Lakini akianguka nasikia kishindo, najua alipo, namfuata. Wewe sijasikia kishindo chochote. Wewe ndiye ninayekuogopa."

Masika yalipoanza aliomba kurudishwa kwake. Alisema hataki kufia kwenye joto. Nilimpandisha kwa gari la kukodi, na tulipoiacha barabara ya lami na kuanza kupanda, milima ikiwa imefunikwa ukungu mpaka shingoni, aliniuliza bila kugeuza uso:

"Kwenye misa yangu utapokea?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimekuuliza swali la mtihani. Ni ndiyo au hapana."

"Tutaona."

"Tutaona," alirudia, na akaanza kuzungumza na dereva juu ya bei ya njegere.

Alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha. Asubuhi ya mazishi vijana walikuwa wanachimba kaburi kwenye udongo wenye mawe, padre alikuwa bado njiani, na sisi tulikaa uani chini ya turubai. Ndipo mtani alipotoka ndani.

Alikuwa jirani wa mama, wa rika lake, mwenye nyumba ng'ambo ya mfereji. Ni Mwislamu. Kwa miaka mingi, kila alipomaliza swala ya magharibi kwake, alivuka mfereji kuja kuota moto jikoni kwa mama; akimkuta kwenye sala za watu alingoja pembeni mpaka ziishe, ndipo waanze kuwasema majirani. Sasa alikuwa amevaa sweta la kijivu la mama, rozari ya mama shingoni, na ameuegemea mkongojo wake. Alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mama, kikavu, kifupi, kama mtu anayeomba radhi. Wanawake wakapiga yowe, kisha wakacheka.

"Haya, kaeni," alisema kwa Kiluguru, akajishusha kwenye kigoda. "Nani hayupo? Yule wa Mafiga yuko wapi?"

"Yupo hapa," watu wakaitikia.

"Amemaliza kusahihisha?"

"Bado."

Akainua macho juu. "Basi, Mungu, subiri kidogo, mwanangu ana kazi. Ila usisogee karibu sana. Akimaliza ya wanafunzi atakusahihisha na wewe."

Mjomba wangu, kaka wa mama na mkuu wa ukoo, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mtani hakucheka. Aliipitisha rozari vidoleni.

"Tuanze na wangu wa Turiani. Mungu, mpunguzie chupa. Usimwondolee zote kwa mara moja, atakufa kwa mshtuko, na mimi sina jeneza la pili."

"Mama, nimepunguza," alijibu mdogo wangu kutoka mkekani.

"Umepunguza chupa au umepunguza ukubwa wa chupa?"

"Ukubwa."

Walicheka wote, naye alicheka kuliko wote, machozi yakimfikia kidevuni. Nilimtazama nikaona kwamba palepale, mbele ya ukoo mzima, alikuwa anasali. Alikuwa anamjibu mama na alikuwa anamjibu Mungu, na hakuona haja ya kutenganisha.

Kisha mtani akainamisha kichwa. Kuanzia hapo hakuwa anaigiza tena, au aliigiza vizuri kiasi kwamba mimi, mtoto wa marehemu, sikuuona mpaka. Sauti ilishuka. Ilikuwa ile niliyokuwa nikiisikia dirishani kabla ya kuongeza redio.

"Baba," alisema, "na huyu wangu wa Mafiga. Sikuombi umrudishe kanisani. Kanisani yupo, hata benchi lake nalijua. Nakuomba..."

"Basi," nilisema.

Nilikuwa nimekwisha kusimama. "Inatosha. Huu ni msiba wa Kikristo. Mama yangu hatafanywa mchezo akiwa bado ndani."

Sauti ya majembe kule kaburini ilisikika waziwazi. Nimejaribu mara nyingi kujishawishi kwamba nilisukumwa na heshima ya sala, na siku nyingine karibu nifaulu. Nilisukumwa na woga. Nilijua kwamba neno linalofuata lingekuwa kweli, na kwamba watu wote wangelisikia pamoja nami.

Mtani aliivua rozari, akalivua sweta, akalikunja vizuri kama anayelirudisha sandukuni, akaviweka juu ya kigoda.

"Mtani wangu amekasirika," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Basi, mimi nimemaliza kazi."

"Mjomba," kaka wa mama aliniambia, akiiokota kofia yake, "kuku utatoa. Lakini umefanya vibaya."

Padre alipofika aliwekewa viti viwili nyuma ya nyumba, kama ilivyo desturi kwetu, ili anayetaka kuungama kabla ya misa aungame. Mdogo wangu alikwenda. Nilimwona anarudi akijifuta uso kwa mkono wa shati, akanyoosha kola, akakaa. Mimi nilipanga viti vya wageni vilivyokuwa vimekwisha kupangwa. Jeneza liliwekwa mbele, mahali ambapo kila anayekwenda kupokea hana budi kulipita. Mdogo wangu alipita, akaligusa kwa vidole. Watoto walipita. Mimi nilibaki nimekaa. Hilo ndilo jibu nililompa mama katika swali lake la mtihani.

Niliporudi Mafiga sikuiwasha redio. Jioni nilikaa barazani mbele ya dirisha lililofungwa, na kwa mara ya kwanza nikatamani kusikia. Nilimwita binti yangu nikamwuliza kama aliwahi kumsikia bibi yake akisali kule chumbani.

"Nilimsikia, baba. Chumba chetu si kimepakana?"

"Alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Kiluguru mimi sikijui. Alikuwa anasema Mafiga, halafu anaongea kidogo, halafu ananyamaza sana. Halafu anasema kitu kifupi, anamalizia na Amina."

"Kifupi namna gani?"

"Kifupi tu. Neno moja, labda mawili."

"Huwezi kulikumbuka?"

Alinitazama kwa huruma ambayo mtoto hapaswi kumwonea baba yake. "Baba, ningejua utaliuliza, ningelishika."

Tuliporudi kijijini kuanua tanga nilimpelekea mtani kuku wake. Nilimkuta mlangoni pake anapukuchua njegere.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Huyu ni kuku au njiwa?"

"Kuku wa Mafiga."

"Ndiyo maana. Joto limemmaliza." Alimfunga mguu kwenye nguzo, akarudi kwenye njegere zake.

Nilikaa chini. Nilimwambia nataka kujua siku ile alikuwa anamalizia vipi.

"Utani hauagizwi," alisema. "Siku ile mwili ulikuwapo, watu walikuwapo. Leo mwenyewe yuko chini. Nikiitoa sauti yake kinywani mwangu sasa, huo si utani tena, ni jambo jingine, na mimi naswali."

"Basi niambie kwa sauti yako."

"Kwa sauti yangu sikumbuki. Yalikuwa yanakuja yenyewe, sweta likiwa mwilini. Ulipokata, yakakatika."

"Lakini ulimsikia miaka yote."

"Nilimsikia. Na wewe je? Alikaa kwako tangu kiangazi. Aliniambia chumba kizuri, dirisha linaangalia barazani. Nikamwuliza, huyo mwanao anasali na wewe? Akasema hapana, anakaa nje na redio yake. Lakini nikifika kwenye zamu yake, akasema, napandisha sauti kidogo."

Aliendelea kupukuchua. Sijui mpaka leo kama kweli alikuwa amesahau, au kama alilijua neno lile na akaona sistahili kupewa kwa bei ya kuku mwembamba. Sikumwuliza tena. Nilimsaidia kuokota njegere zilizomwagika, akaniambia niache, naziponda.

Nilikwenda kuungama wiki iliyofuata. Padre wetu ni kijana kuliko mimi, na alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo mimi sikuliweza kwa mama yangu. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Unataka kurudi?"

"Nataka. Ila sisikii chochote, Padre."

"Sikukuuliza unasikia nini."

Alinipa kitubio, nikakitimiza. Jumapili nikasimama kwenye benchi langu, watu wakanipisha kwa mshangao waliojitahidi kuuficha, nikaenda mbele, nikapokea. Mdogo wangu hulia anapopokea. Mimi nilirudi nikalikuta benchi langu kama nilivyoliacha. Wahubiri husema kwamba mlango u wazi na kwamba yatosha kugeuka. Silikatai hilo, na nimelifundisha. Lakini mwana aliyekwenda nchi ya mbali ana njia ya kurudi: anaifuata ileile aliyoendea, na vumbi la miguuni linamshuhudia. Aliyepotea akiwa amekaa ndani ya nyumba, benchini pake, nguo zake zikiwa safi, ageuke aelekee wapi? Kila upande anaougeukia ni nyumbani, na hakuna anayemwona kuwa amefika.

Siku hizi nakaa sebuleni wakati wa rozari. Nimewaambia mke wangu na binti kwamba nimepunguza kazi. Ikiisha, naingia chumba cha mama, nafungua dirisha, nasimama pale aliposimama, na nasema kwa Kiluguru, kwa sauti ya kutosha kumfikia mtu aliyeko barazani: Baba, na huyu wa Mafiga. Sikuombi umrudishe kanisani. Kanisani yupo. Nakuomba.

Hapo naishiwa. Mwanzoni nilijaribu kuimalizia. Niliweka machozi, niliweka moyo, nikaweka msamaha, nikaweka hata kishindo, kwa kumkumbuka mama alivyosema. Kila neno nililoliweka lilikuwa sahihi, na nilipolisikia nililitambua kuwa langu, la mwalimu, lenye alama pembeni. Hakuna lililokuwa lake. Sasa siongezi kitu. Naifikisha sala pale nilipoikatiza, kisha nakaa kimya, kwa sababu yuko mmoja aliyeisikia yote, kila jioni, redio isimzuie, na sina mwingine wa kumwuliza. Namwuliza. Hajanijibu. Nangoja mpaka mbu waanze kuingia, kisha nafunga dirisha.